Malvina Hoffman: Mwanamke aliyemimina sura za dunia katika shaba

UKIFIKA Bandari ya Juba kabla jua halijapanda, utakuta matishali yamefungwa kamba ukingoni mwa Nile Nyeupe. Makuli wanapanda na kushuka ubao wakiwa na magunia mabegani. Akina mama wa chai wamekwisha kuwasha makaa, na magari ya matangi yamepanga foleni kuvuta maji mtoni. Hapa ndipo mizigo na watu wanapoanzia safari ya majini kuelekea Bor, Malakal na kwingineko kaskazini.

Mimi hufika hapo kwa ajili ya biashara yangu ndogo ya unga, sabuni na mafuta ya kupikia. Lakini kabla ya biashara nilikuwa mwalimu wa sanaa nyumbani Kenya, na mkono uliozoea penseli haukai kimya. Asubuhi moja, nikingoja mzigo wangu upakiwe, niligeuza stakabadhi upande wa nyuma nikaanza kumchora mzee mmoja aliyeketi juu ya mabunda yake. Alikuwa abiria wa kurudi kwao upande wa Kodok. Paji lake la uso lilikuwa na mstari wa vinundu vilivyopangana kama shanga, alama ambayo watu wa Sudan Kusini wakiiona hujua mara moja kwamba huyu ni Mshiluk.

Mzee hakupendezwa. Aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba ninamchora nani. Nikamjibu kwamba namchora yeye. Akaniuliza kama nalijua jina lake. Nilikuwa silijui. Akaniambia basi simchori yeye, nachora makovu tu.

Niliona haya, nikaiweka penseli chini. Na hapo ndipo nilipomkumbuka mwanamke ambaye picha za kazi zake nilizitazama kwa miaka nilipokuwa mwanafunzi, Mmarekani Malvina Hoffman. Katika kitabu kimoja cha maktaba ya chuo kulikuwa na picha ya sanamu yake ya shaba ya shujaa wa Kishiluk wa Nile Nyeupe. Chini ya picha liliandikwa kabila, likaandikwa na jina la mchongaji. La mtu mwenyewe halikuwepo.

Wanaume wawili wa Bush House

Huenda jina la Hoffman ni geni kwa wasomaji wengi, ingawa kazi yake tumeishi karibu nayo bila kujua. Waliokua wakisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, wanalijua jina la Bush House kama wanavyolijua jina la mtaa wao. Kwa miongo mingi sauti tulizokuwa tukizisikiliza jioni zilitoka katika jumba hilo la London, mpaka BBC ilipohama mwaka 2012.

Juu ya lango la jumba hilo wamesimama wanaume wawili wa mawe, wameshika mwenge pamoja. Mmoja ni mfano wa Uingereza na wa pili ni mfano wa Marekani. Zilizinduliwa tarehe 4 Julai 1925, kuadhimisha urafiki wa mataifa yanayosema Kiingereza. Mchongaji wake alikuwa Malvina Hoffman, naye alipanda mwenyewe kwenye jukwaa la mbao, juu kabisa ya barabara, akazimalizia kwa nyundo na patasi huku magari yakipita chini yake.

Nilipolijua hilo nilikuwa chuoni, na nilitamani kila mtu alisikie. Mwalimu mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alikuwa amenishauri niachane na uchongaji nichukue ushonaji. Kisa chake ni kwamba jiwe ni zito na shaba ni moto, na mwanamke ana mambo mengine ya kufanya. Sikuwa na la kumjibu siku ile. Baadaye nilijua ya kuwa jibu lilikuwa limesimama juu ya lango la Bush House tangu mwaka 1925.

Binti wa mpiga piano

Malvina Cornell Hoffman alizaliwa New York tarehe 15 Juni 1885. Baba yake, Richard Hoffman, alikuwa mpiga piano mzaliwa wa Uingereza, aliyejulikana sana katika kumbi za muziki za mji huo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na muziki mwingi na wasanii wengi, lakini haikuwa nyumba ya matajiri.

Binti alianza kwa kuchora na kupaka rangi, kisha akagundua kwamba bapa la karatasi halimtoshi. Alitaka kitu anachoweza kukizunguka. Sanamu yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya kichwa cha baba yake, akaifinyanga kwanza kwa udongo, kisha akaichonga katika marumaru. Mzee Hoffman alifariki mwaka 1909, akiwa amekwisha kuona kwamba mkono wa binti yake si wa mchezo.

Mwaka uliofuata, 1910, Malvina na mama yake walisafiri kwenda Paris. Fedha zilikuwa chache. Binti alipata kazi ya msaidizi katika karakana ya Janet Scudder, mwanamke mwingine wa Kimarekani aliyekuwa mchongaji. Lakini shabaha yake ilikuwa Auguste Rodin, mchongaji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote duniani wakati huo.

Rodin hakumpokea. Alikwenda mlangoni akarudishwa, akaenda tena akarudishwa tena, na hakuchoka kurudi. Wahenga wetu wanasema bandu bandu huisha gogo. Mwishowe alifunguliwa, mzee akaziona picha za kazi zake, akamkubali kuwa mwanafunzi. Uhusiano huo wa mwalimu na mwanafunzi uliendelea kwa vipindi mpaka Rodin alipofariki mwaka 1917. Mwaka 1914 Hoffman alimsaidia kupanga maonyesho yake London.

Rodin alimpa ushauri mmoja uliomjenga: ajifunze mwili wa binadamu kuanzia ndani. Hoffman akarudi New York akaingia katika chuo cha madaktari cha Chuo Kikuu cha Columbia, akasoma misuli na mifupa kwa kupasua maiti pamoja na wanaojifunza udaktari. Zama hizo wanawake wengi hawakuruhusiwa hata kukaa darasani mbele ya mtu aliyevua nguo ili wamchore. Yeye alishika kisu.

Wachezaji wa Kirusi

Jina lake lilitoka kwa mara ya kwanza kupitia ngoma. Alikuwa amewaona wachezaji wa Kirusi jukwaani, akavutiwa na jinsi mwili unavyoruka na kugeuka. Mwaka 1911 sanamu yake ya wachezaji hao ilimpatia tuzo Paris. Mchezaji maarufu Anna Pavlova akawa rafiki yake, akamsimamia mara nyingi ili afinyangwe. Sanamu moja ya aina hiyo iliwekwa katika bustani ya Luxembourg mjini Paris mwaka 1919. Ilitoweka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walipoukalia mji huo.

Vita vya Kwanza vilimkuta akiwa kijana mwenye sifa. Aliweka patasi kando akafanya kazi na Msalaba Mwekundu, na baada ya vita alikwenda nchi za Balkani kuona hali ya wenye njaa. Alichokiona kilimtoka baadaye katika sanamu aliyoiita Dhabihu, ya mwaka 1920, inayomwonyesha askari aliyekufa amelazwa na kichwa chake kimepakatwa na mwanamke. Ipo katika kanisa la kumbukumbu la Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwaka 1924 aliolewa na Samuel Grimson, mpiga fidla aliyejeruhiwa vitani. Mwaka 1927, akiwa tayari ana jina, alikwenda Zagreb kujifunza tena kwa mchongaji Ivan Meštrović, hasa namna ya kujenga sanamu za farasi. Nalipenda jambo hili la maisha yake kuliko mengi. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, ametuzwa, amefundishwa na Rodin, na bado alikubali kuwa mwanafunzi.

Simu kutoka Chicago

Mwaka 1930 alipokea simu ya maandishi kutoka Makumbusho ya Field ya Chicago. Wakuu wa makumbusho hayo walitaka kujenga ukumbi wa kuonyesha watu wa dunia nzima. Nia yao ya kwanza ilikuwa kugawa kazi kwa wachongaji kadhaa, na sanamu ziwe za plasta iliyopakwa rangi, zenye nywele na macho ya kioo.

Hoffman alikwenda Chicago kubishana nao. Aliwaambia plasta iliyopakwa rangi itakuwa kama wanasesere wa dirisha la duka, na kwamba shaba pekee ndiyo itakayompa mtu hadhi yake. Akawaambia pia kazi hiyo inataka mkono mmoja. Alipotoka, alikuwa ameipata kazi yote peke yake, na nyingi ya sanamu zitakuwa za shaba. Kwa mwanamke wa mwaka 1930, hiyo ilikuwa kandarasi ya kushangaza.

Msomaji ambaye hajawahi kuona shaba ikimiminwa huenda asijue uzito wa ushindi ule. Kwanza mchongaji hufinyanga udongo juu ya kiunzi cha chuma. Udongo unafunikwa kwa plasta ili kupata kalibu. Kutokana na kalibu hutengenezwa sura ya nta, nta nayo huzungukwa na udongo wa kuhimili moto, kisha huyeyushwa itoke. Mahali nta ilipokuwa panabaki tupu, na hapo ndipo shaba iliyoyeyuka inapomiminwa. Ikisha poa inapigwa msasa na kupatwa rangi kwa dawa na moto. Kila hatua inataka watu, tanuri na fedha. Hoffman alizijua hatua zote kwa mikono yake, hata akaandika kitabu juu yake mwaka 1939.

Yeye na mumewe walizunguka Asia na visiwa vya Pasifiki mwaka 1931 na 1932, kuanzia Hawaii, wakapita Japani, China, Bali hadi India. Mume alipiga picha, mke akafinyanga vichwa vya watu hotelini, sokoni na barabarani. Safari hiyo haikupita huku kwetu. Waafrika wake wengi aliwapata akiwa Paris, ambako mwaka 1931 kulikuwa na maonyesho makubwa ya makoloni. Watu walikuwa wameletwa kutoka koloni za Ufaransa kuja kutazamwa. Miongoni mwao alikuwamo Daboa, msichana mchezaji ngoma wa Wasara wa upande wa Chad, ambaye sanamu yake inaonekana kama inataka kuondoka pale ilipo.

Wengine aliwafinyanga kutokana na picha. Mwanamke wa Kimangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, mwenye kichwa kirefu kilichofungwa tangu utotoni kwa desturi ya kwao, anatokana na picha iliyopigwa na Wazungu wa msafara wa magari ya Citroën katikati ya miaka ya 1920. Jina lake lilikuwa Nobosodru. Pia kuna familia ya Wambuti wa msitu wa Ituri. Na kuna Mshiluk wa Nile Nyeupe, ambaye watu wake ndio hawa wanaopanda tishali hapa Juba wakirudi kwao.

Ukumbi uliofungwa

Ukumbi ulifunguliwa Juni 1933, wakati Chicago ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Ulikuwa na sanamu zaidi ya 100 za Hoffman, vichwa na maumbo mazima, na watu wakamiminika kuziona.

Tatizo lilikuwa katika vibao. Wataalamu waliompa kazi waliamini kwamba binadamu anaweza kugawanywa katika aina kama mbegu za mahindi, na kwamba kila mtu aliyefinyangwa ni mfano wa aina yake. Hivyo vibao vilitaja kabila na mahali. Aliyetazama alifundishwa kutafuta pua, midomo na nywele. Kumbe mkono wa Hoffman ulikuwa umefanya kinyume. Uliweka pale mtu anayesikiliza, mtu aliyechoka, mama mwenye wasiwasi. Mkono ulimjua mtu, kibao kikamkataa.

Je, yeye mwenyewe hakuona? Nimejiuliza mara nyingi. Alibishana na wakuu wa makumbusho juu ya shaba akashinda. Alibishana juu ya nani apewe kazi akashinda. Mwanamke aliyepigania namna hiyo jina lake liandikwe chini ya kazi angeweza kupigania na majina ya hao wengine. Sisemi hivi kumhukumu marehemu. Nasema kwa sababu mzee wa bandarini aliniuliza swali lile lile, na mimi sina kisingizio cha kuishi mwaka 1933.

Elimu ya aina za binadamu ilipoanza kuonekana uongo wake, ukumbi ule ulikuwa aibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulivunjwa. Baadhi ya sanamu zikatawanywa kwenye korido za makumbusho, nyingine zikawekwa ghalani.

Shaba na wasio nayo

Hata hivyo zilidumu, kwa kuwa ni shaba. Hilo nalo ni la kukumbuka tukitaja wanawake wachongaji, kwa maana si wote waliopata tanuri.

Augusta Savage, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1892, alinyimwa nafasi ya kusoma Ufaransa mwaka 1923 kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1939 alifinyanga sanamu kubwa ya waimbaji weusi waliopangwa kama nyuzi za kinubi, kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York. Ilikuwa ya plasta. Fedha za kuimimina katika shaba hazikupatikana, na maonyesho yalipokwisha ikavunjwavunjwa. Imebaki katika picha na nakala ndogo.

Karibu na nyumbani, Rosemary Karuga wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950, naye alisomea uchongaji. Lakini vifaa ni ghali. Alifundisha shule kwa miaka mingi, na aliporudi kwenye sanaa uzeeni alibandika vipande vya karatasi za sabuni na unga, akatengeneza picha zilizompa sifa hadi ng'ambo. Alifariki mwaka 2021. Kila ninapofungua mzigo wangu wa sabuni hapa Juba namkumbuka.

Siku za mwisho

Ndoa ya Hoffman ilivunjika mwaka 1936, mwaka huo huo alipotoa kitabu cha kumbukumbu za safari zake. Aliendelea kufanya kazi. Baada ya Vita vya Pili alichonga michoro ya mawe kwenye makaburi ya askari wa Marekani huko Epinal, Ufaransa. Katika miaka ya 1950, akiwa amepita umri wa miaka 70, alichonga historia ya tiba kwenye ukuta wa kliniki moja mjini Boston. Alifariki tarehe 10 Julai 1966, mjini New York, katika karakana yake, akiwa na miaka 81.

Mwaka 2016 Makumbusho ya Field yalifanya jambo ambalo naliona ni la haki kwake na kwa wale aliowafinyanga. Yalisafisha na kutengeneza sanamu 50, yakazionyesha upya, na safari hii yakaeleza wazi makosa ya ukumbi wa zamani. Watafiti walikuwa wamepekua barua na kumbukumbu zake, na baadhi ya sanamu zikarudishiwa majina ya watu wenyewe. Yule kijana wa Hawaii anayeteleza juu ya wimbi akawa Sargent Kahanamoku. Mwanamke wa Kimangbetu akawa Nobosodru.

Nilimsimulia mzee habari hizi pale bandarini, kwa Kiarabu changu cha kubahatisha, karani wa tishali akiwa anaita abiria mmoja mmoja kutoka kwenye daftari lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, akanisubiri niyaandike chini ya mchoro, akanisahihisha mahali nilipokosea herufi.

Nilimuuliza kama naweza kuyaandika na gazetini. Akakataa. Alisema nimepewa mimi, si watu wote. Ndiyo maana msomaji huyaoni hapa.

Nilimaliza kumchora, nikampa karatasi. Aliitazama kwa muda, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati. Karani alipolifikia jina lake aliitika, akabeba mabunda yake akapanda ubao. Mchana wake tishali liling'oa kamba likaelekea kaskazini. Mzigo wangu ulikuwamo, na stakabadhi yangu pia.